Kigae cha Olatze

Wifi yangu Graxi alianguka zizini majira ya baridi, akawekewa nyonga ya chuma, na chuma kile ndicho kilichowapa kichwa watu wa Baraza la Malisho. Kabla ya hapo hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia ashuke mlimani. Walikuwa wanamwogopa, na kwa haki kabisa.

Kwetu mtu hajulikani kwa jina lake, anajulikana kwa nyumba yake. Graxi ni wa Olatze. Kaka yangu Eustakio alipomwoa, ni kaka yangu aliyebeba sanduku la nguo akahamia kwao, kwa sababu Graxi ndiye aliyekuwa mrithi wa nyumba, na tangu siku ile hata mleta barua alimwita Eustakio wa Olatze, kana kwamba hakuzaliwa na mama yetu. Nilinuna mwaka mzima. Wifi ni wifi: tumegombana kwa ajili ya jibini, kwa ajili ya mbwa, kwa namna ya kupika maharage meusi, na siku kaka yangu alipofariki tuligombana mbele ya jeneza kuhusu tai aliyovalishwa. Lakini mtu mwingine akimgusa Graxi, tutaonana naye.

Olatze iko juu ya kijiji, pale lami inapokoma. Ukifungua dirisha la jikoni, mlima wa Belatzarri unakujaa machoni wote: mawe meupe yaliyochongoka, majani mabichi kiunoni, na msalaba wa chuma kileleni ambao ukiwa chini unauona mdogo kama pini. Jumapili watu wa miji ya Bilbao na Donostia hujaza magari yao mpaka makaburini, huupiga picha, husema maneno matamu, kisha huuliza choo kiko wapi. Mimi nautazama ili nijue kama nianike nguo. Ila nikilazwa hospitali ya mjini, nikakaa siku ambazo siuoni, nakosa pa kuweka macho.

Malisho ya huko juu ni ya wote. Mchungaji ana kibanda cha kukaa kiangazi na kutengeneza jibini, lakini ardhi si yake, na kuta si zake. Chake ni kigae kimoja tu, kile kinachokaa juu kabisa, kwenye mgongo wa paa. Vuli akishuka na kondoo anakitoa, anakibeba mpaka nyumbani, na kibanda kinabaki na tundu la kuingiza theluji. Siku ya Mtakatifu Isidori, katikati ya mwezi wa tano, lango la malisho hufunguliwa, naye hupanda na kundi lake na kigae chake mgongoni. Kengele ya adhuhuri ikilia, moshi uwe umeshatoka chini ya kigae. Usipotoka, nyumba ile haina tena kibanda mlimani wala malisho, wala isiombe tena. Na kigae hubebwa na mzaliwa wa nyumba. Kibarua haruhusiwi, jirani haruhusiwi, wifi haruhusiwi. Graxi na Eustakio hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo mgongo wa kubeba kigae cha Olatze ulikuwa umebaki mmoja.

Kigae chenyewe ukikiona hutakiokota njiani. Pembe moja imemeguka, upande wa ndani ni mweusi tii kwa moshi, na juu kuna alama za vidole vya fundi aliyekifinyanga, mtu ambaye hata jina lake halikumbukwi. Majira ya baridi kinakaa juu ya meko jikoni, na Graxi hukipangusa vumbi kabla hajapangusa picha ya arusi yake. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na nilimwambia.

Alikuwa mtoto wa kuokota kuni tu askari walipokichoma kibanda chao. Hiyo ilikuwa enzi ya udikteta. Lugha yetu, Kibaski, ilikuwa marufuku shuleni na marufuku kwenye ofisi. Ukimpa mtoto jina la Kibaski, karani anamwandikia jingine. Ndiyo maana watu walipenda sana kupanda milima. Jumapili vijana walibeba mikate na soseji, wakapanda Belatzarri eti kwa ajili ya afya, na wakishavuka msitu tu wanaanza kusema na kuimba Kibaski kwa sauti ambayo chini wasingeithubutu. Mimi lugha yangu nilijifunzia kuiimba kule, huku pua inanitoka kamasi kwa baridi.

Asubuhi moja bendera yetu, nayo marufuku, ilionekana inapepea kwenye msalaba wa kileleni. Askari walipanda na hasira zao na buti zao, wakaichana bendera, aliyeitundika wasimpate. Wakakumbuka kwamba kibanda kilicho karibu zaidi na kilele ni cha Inaxia wa Olatze, mama yake Graxi. Wakakitia moto, na vigae vilivyodondoka wakavivunja kwa vitako vya bunduki. Inaxia alikuwa ameshakichomoa kile cha juu, amekikumbatia chini ya shali. Askari mmoja akamuuliza amebeba nini.

"Nyumba," akamjibu.

Walipoondoka alipanga mawe mawili kando ya majivu, akaweka kigae juu, akawasha moto chini yake, akachemsha maziwa. Kiangazi kile chote yeye na binti yake walilala nje juu ya ngozi za kondoo, na mvua ya kwetu mnaijua au hamuijui, haina adabu. Huku chini watu wakaanza kunong'ona kwamba Olatze haina tena kibanda, malisho yake yagawanywe. Mwenyekiti wa Baraza wakati huo alikuwa Anton wa Zelaia, mzee mkavu, asiyecheka ovyo. Akapanda mwenyewe kwenda kuangalia. Akamkuta Inaxia amechuchumaa mvuani anapuliza moto. Anton akasimama hatua chache mbele yake, akavua kofia.

"Hodi hapa. Mwenyewe yupo?"

"Yupo. Pita, lakini inama, mlango wetu mfupi."

Hapakuwa na mlango. Hapakuwa na ukuta wala paa, zaidi ya kigae kile juu ya mawe. Na Anton wa Zelaia akainama, akapita, akakaa chini, akala jibini. Aliporudi alisema mbele ya kikao kwamba kigae kipo, moshi upo, basi Olatze ipo, na atakayetaka kubisha akabishane na mvua. Kisa hicho kila mtoto wa kijiji chetu amekua nacho.

Graxi ndiye aliyelala juu ya zile ngozi, kwa hiyo msishangae alivyokuwa. Tuna ukelele wetu wa mlimani, irrintzi, ndugu yake na vigelegele, ila huu hupanda na kupanda kama mtu anayelia, kisha humalizikia kwenye kicheko, na hupigwa kutoka mlima mmoja usikike mlima wa pili. Kwenye mashindano ya sikukuu Graxi aliwashinda wanaume akiwa bado na nywele za kusuka. Kaka yangu alipousikia tu, akapoteza usingizi. Nilimwambia, "Eustakio, huyo atakupigia hivyo jikoni kila siku." Akasema ndicho anachokitaka. Mjinga wa watu.

Halafu zile mbio. Mbio za Belatzarri, kutoka uwanja wa kanisa hadi msalabani na kurudi, zilianzishwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Graxi alipoomba kukimbia wakamjibu kwamba kizazi kitashuka. Hakubishana nao. Siku ya mbio alijitwika kreti ya jibini mgongoni, akasema anaipeleka msalabani, na njia ni ya wote. Alirudi uwanjani mbele ya mwokaji mikate na mbele ya mchumba wake mwenyewe, kreti ikiwa bado mgongoni. Eustakio alitaniwa kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Na kizazi, waliosema kitashuka, nadhani chao ndicho kilichoshuka siku ile.

Sasa nimfikie Unai. Unai wa Zelaia ni mjukuu wa yule yule Anton, na ndiyo maana moto wangu kwake ni mkali zaidi. Ni katibu wa Baraza la Malisho na pia ni mkubwa wa mbio. Alikuwa bingwa, sikatai. Muda wake bora umewekwa kwenye fremu, umetundikwa ukutani kwenye baa ya uwanjani, na hakuna kijana aliyewahi kuuvunja. Akiingia mle huchagua kiti kinachotazama fremu.

Unai alikuja Olatze na boksi la biskuti, Graxi akiwa bado anatembea kwa magongo mawili. Nilikuwepo, namenya viazi.

"Shangazi Graxi, unaendeleaje?"

"Naendelea kukaa. Wewe umekuja kukaa au umekuja kusema?"

Unai akacheka peke yake. "Tumekaa tukafikiria, shangazi. Mwaka huu usijisumbue kupanda. Kibanda chenu kiko pazuri mno, mbio zinapita mlangoni kabisa. Tunataka tukifanye kituo. Wakimbiaji wapate maji, wageni wapate kivuli, wapate na choo."

"Choo," Graxi akarudia.

"Cha kisasa."

"Mama yangu alilala pale. Wewe unataka watu wa Donostia wakajisaidie hapo."

"Tutaweka kibao kizuri chenye jina la Olatze."

"Kwenye choo."

Mimi nikaangusha kiazi. Unai akabadilisha sauti, akawa katibu. "Sheria unaijua, shangazi. Isidori, kengele ya adhuhuri. Moshi usipoonekana, mimi sina la kufanya."

"Utaonekana."

"Na nyonga hiyo?"

"Hii ni ya chuma, Unai. Jihadhari na magoti yako, ndiyo ya nyama."

Alipotoka, biskuti tulimpa Beltz, mbwa, akazila pamoja na karatasi. Wiki chache baadaye tukasikia kwamba mbio za mwaka ule zimesogezwa, zitafanyika siku ya Mtakatifu Isidori. Upande wetu wa mlima, upande wa jua, ndio wenye njia ya mbio, na kibanda cha Olatze ndicho pekee kilichosalia upande huo. Wachungaji wengine wote hupandia upande wa kaskazini. Tangazo lilibandikwa hata mlangoni mwa kanisa: lango la upande wa jua litafungwa kwa mifugo mpaka mkimbiaji wa mwisho apande na kushuka. Kwa maneno mengine, mpaka kengele ya adhuhuri iwe imeshalia. Niliposoma nilitukana kwa sauti, na padri alikuwa nyuma yangu, na padri akasema, "Endelea tu, Malen."

Graxi hakutukana. Alianza kupanda ngazi za darini na kushuka, akibeba ndoo ya mahindi. Kila jioni nilimsikia, chuma na mguu, chuma na mguu. Nilitaka kumwambia aache. Nilimwendea siku moja nikiwa nimejiandaa kabisa, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, jasho linamtoka, anatazama kigae juu ya meko. Akasema, "Malen, nikishindwa mimi, yule mwanamke alilala mvuani bure." Nikaibeba ndoo mimi raundi ile.

Alfajiri ya Isidori tulikuwa langoni, sisi wawili, Beltz, na kondoo. Graxi alikuwa amefunga kigae mgongoni kwa kitambaa cha mama yake, gongo mkononi, uso umekauka. Wavulana wa mbio waliovaa vizibao vya njano walikuwa wamesimama mbele ya lango.

"Bibi, hairuhusiwi. Wakimbiaji kwanza."

"Wakimbiaji wako wapi?"

"Bado wamelala, bibi."

"Basi mimi nimeamka. Fungua."

"Tumeambiwa na Unai."

"Unai akikuambia uruke kutoka msalabani?"

Mmoja akacheka, mwenzake akamkanyaga. Hawakufungua. Wavulana wenyewe hawakuwa wabaya, walikuwa na haya tu, na mwenye haya kazi yake kutii. Tukakaa kwenye majani yenye umande, jua likapanda, na saa zilizokuwa za Graxi zikaliwa pale langoni. Kwa mwendo wake mpya alizihitaji zote. Nilimwona akihesabu kwa macho umbali wa kibanda.

Hatimaye tukasikia filimbi na kelele kutoka uwanjani, na wakimbiaji wakaja, wamebanana, fulana za rangi zote, wanahema. Wavulana wakafungua lango wazi kabisa. Na lango likiwa wazi, kondoo hajui kusoma tangazo. Graxi alipiga mluzi mmoja mfupi. Beltz akazunguka nyuma, kondoo jike mwenye njuga akaingia katikati ya wakimbiaji, na kundi zima likamfuata.

Sijawahi kufurahi hivyo tangu niolewe. Watu wa vizibao walikuwa wanapunga mikono, kondoo wanapita kati ya miguu ya mabingwa, bwana mmoja mwenye miwani ya jua amembebea Graxi kondoo mchanga bila kujua anafanya nini, na Graxi katikati yao, anachechemea, gongo lake likigonga mawe.

"Mama, kaa pembeni!" mmoja akapiga kelele.

"Nilikuwa kwenye mbio hizi mama yako hajakutana na baba yako," akamjibu. "Pita kushoto."

Tukapanda. Msitu ulipokwisha wakimbiaji walikuwa wameshatuacha, tumebaki sisi na kondoo, na upepo. Mimi nilikuwa nahema kuliko yeye.

"Wifi, unapumua kama fahali," akasema.

"Nyamaza utembee."

"Ulisema umeacha sigara."

"Nimesema tembea."

Tulipofika mahali tunapopaita Begani, mguu ulikataa. Begani ni kiwanja kidogo cha nyasi kwenye bega la mlima, chenye chemchemi, na njia inapita katikati yake. Upande mmoja mawe makubwa, upande mwingine korongo. Kutoka hapo kibanda unakiona kabisa, juu, na paa lake lenye tundu. Kwa mtu mwenye nyonga zake ni mwendo mfupi. Graxi alipiga hatua, mguu ukamtoka, akaenda chini kwa goti. Akainuka. Akaenda chini tena.

Chini yetu saa ya kanisa ilikuwa inang'aa, na mishale yake ilikuwa imekaribiana. Juu, kwenye mlango wa kibanda, nilimwona mtu mwenye jaketi jekundu amesimama na simu mkononi, anaelekeza simu kwenye paa. Unai. Alikuwa amekwenda kurekodi moshi ambao hautatoka.

"Nipe," nikamwambia. "Nipe kigae nikimbie nacho."

"Hukimbii wewe hata kwa basi."

"Graxi, nipe!"

"Ukikigusa wewe, ni mkono wa mgeni. Unajua." Na hapo akaanza kulia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona analia, hata kwa kaka yangu. Alilia kwa hasira, anapiga majani kwa ngumi, na mimi nikakaa chini karibu naye nikalia pia, kwa sababu niliwachukia wote, Baraza na mbio na fremu ya kwenye baa na chuma cha hospitali. Kondoo walikuwa wameshatawanyika kwenye chemchemi, wanakunywa, hawana habari.

Graxi akawatazama wale kondoo. Akafuta pua kwa kiganja. Akatazama nyasi, akatazama chemchemi, akatazama njia.

"Malen," akasema. "Nipe mawe mawili."

Sikuelewa mara moja, najua nyinyi mmeshaelewa. Nilipoelewa, niliruka kama msichana. Mawe mawili, bapa, nikayasukuma mpaka alipokuwa amekaa, na alikuwa amekaa katikati ya njia. Kigae akakifungua mwenyewe, akakiweka juu yao mwenyewe. Nikang'oa vichaka, vingine vikavu vingine vibichi.

"Leta kiberiti."

"Sina kiberiti."

"Malen, kiko kwenye mfuko wa kushoto wa sketi, pamoja na sigara. Leta."

Nikaleta. Vichaka vibichi havipendi kuwaka, lakini kwa moshi havina mpinzani. Ulianza mwembamba, ukakohoa, kisha ukatoka chini ya kigae kwa pande zote mbili, mweupe, mzito, ukapanda. Graxi akainua shingo akapiga irrintzi. Sauti ilikuwa ya kizee, imepasuka katikati, lakini ilipanda, ikapiga ukuta wa mawe, ikarudi, ikashuka kijijini. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu waliokuja kutazama mbio. Wote wakatazama juu. Na walipokuwa wanatazama, kengele ikaanza kulia.

Unai alishuka kutoka kibandani mbio, na kwa kushuka hajambo, lazima niseme. Alifika uso mwekundu kuliko jaketi.

"Shangazi, hapa si kibandani!"

"Moshi huu unatoka chini ya nini?"

"Kibanda chenu kiko kule juu!"

"Kile kina tundu kwenye paa. Hakina mwenyewe. Si ndivyo ulivyokwenda kukirekodi?"

"Huwezi kukaa hapa. Hii ni njia ya mbio!"

"Ardhi ni ya wote, Unai. Mimi nina kigae tu."

Wakimbiaji wa kwanza walikuwa wanashuka kutoka msalabani. Wa kwanza alisimama, wa pili akamgonga mgongoni, na muda si muda walikuwa wamejazana mbele ya moshi, wanakohoa, hawajui wapite wapi. Wengi walikuwa watoto wa vijiji vyetu. Unai alimsogelea Graxi, kidole kimenyooka, anataka kusema jambo kubwa zaidi. Graxi hakuinuka. Alikuwa anapuliza moto.

"Usinipigie kelele mlangoni," akasema. "Ukitaka kuingia, piga hodi kama babu yako. Na uiname. Mlango wetu mfupi."

Kisha msichana mmoja wa bonde la pili, aliyekuwa anaongoza wanawake, akacheka kwa sauti, na wengine wakacheka, kwa sababu kila mmoja alikijua kisa kile. Unai hakuinama. Aligeuka akashuka peke yake. Wakimbiaji wakapanda juu ya mawe makubwa, wakamzunguka Graxi mmoja mmoja kwa mikono na magoti, na mshindi wa siku ile alifika uwanjani na suruali imechanika.

Kikao cha Baraza kilikuwa kifupi. Wazee waliuliza kama moshi ulitoka chini ya kigae cha Olatze kabla ya kengele. Aliyetakiwa kujibu ni katibu, na katibu, nampa haki yake, hakusema uongo. Hata angetaka, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Alisema ndiyo. Kisha akasema kwa upole mwingi kwamba Baraza linamrudishia shangazi Graxi kibanda chake cha juu kwa moyo mmoja, wala halitaki tena kituo, ili njia ibaki wazi.

"Asanteni," Graxi akasema. "Lakini nimeshahama. Huku kuna maji karibu, na nyonga yangu imepapenda."

Sheria ni sheria, waliisoma wenyewe. Wachungaji wa kaskazini walikuja na nyundo zao, padri akabeba mawe mawili akajisifu kama aliyebeba kumi, na kabla ya vuli Begani palikuwa na kibanda chenye kuta za mawe na paa, na kigae chenye pembe iliyomeguka juu kabisa. Kimekaa katikati ya njia. Mbio za Belatzarri sasa hupinda pale, hupanda kwenye mawe na kushukia upande wa pili, na kwa kuwa njia si ile tena, muda wa kwenye fremu haushindaniwi na mtu yeyote. Mwenye baa ameitoa fremu. Mahali pake ametundika kalenda ya kiwanda cha soseji.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya mbio, mimi na Graxi tulikuwa ndani tunakamua jibini kwenye kitambaa. Beltz akabweka. Nikachungulia dirishani, nikamwona Unai amesimama nje na jaketi lake jekundu, anageuzageuza kofia mikononi. Alikuwa na ombi: kondoo wafungiwe kidogo, mpaka wakimbiaji wapite. Alitaka kusemea nje, nikaona, lakini upepo ulikuwa mkali na Graxi akajifanya hasikii.

Wachungaji walipokuwa wanajenga walimwambia Graxi kwamba mlango ameupima vibaya, ni mfupi mno, hata mtoto wa shule atagonga kichwa. Aliwaambia wajenge hivyo hivyo.

"Hodi hapa," Unai akasema. "Mwenyewe yupo?"

Graxi akaweka kitambaa chini, akakausha mikono, akamtazama.

"Yupo," akasema. "Pita."

Na Unai wa Zelaia akainama.